Kontena letu la ofisi linatia ganzi mvua ikinyesha: tuanzie wapi?

Swali: "Habari, mhandisi. Kampuni yetu ndogo ya ujenzi imekodi kiwanja nje kidogo ya jiji la Dodoma kwa miaka mitatu. Tuna kontena moja la futi 20 ambalo kwa sasa ni ofisi na chumba cha mlinzi. Umeme tumevuta kutoka nyumba ya mwenye kiwanja, kama mita 60, kwa waya wa milimita za mraba 2.5. Mwezi ujao yanakuja mengine mawili ya futi 40, yameshakatwa madirisha na kuwekwa dari. Tunataka AC nne, kompyuta nane, mashine ya fotokopi, birika, friji, maikrowevu na pampu ya maji. Baadaye tutanunua jenereta. Fundi wa kwanza kasema kontena ni chuma na limekaa chini, kwa hiyo lenyewe ni ethi tosha. Wa pili kasema bila umeme wa njia tatu tusahau. Mwenye kiwanja anasema tuendelee na LUKU yake, eti TANESCO hawafungi mita kwenye kontena. Nimsikilize nani? Halafu kuna kitu kidogo: mlinzi wetu analalamika kwamba mvua ikinyesha, akishika mlango mkono unakufa ganzi. Fundi kasema ni kawaida ya makontena."

Jibu:

Nianze na hicho ulichokiweka mwisho na kukiita kitu kidogo, kwa sababu ndicho kikubwa kuliko vyote ulivyouliza. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mpigie mwenye kiwanja azime breka inayolisha kontena lako kule nyumbani kwake, na waya wenyewe ufunguliwe kabisa. Kuzima swichi iliyo ndani ya kontena hakutoshi, maana umeme utakuwa bado umefika pale, na hatujui unavujia upande gani wa swichi hiyo. Mlinzi atumie taa ya sola kwa siku hizi chache. Muulize pia, kwa upole, kama aliwahi kuhisi moyo kwenda mbio, kizunguzungu au maumivu ya kifua baada ya kushika mlango ule. Akisema ndiyo, apelekwe hospitali apimwe moyo, hata kama leo anaonekana mzima.

Hakuna "kawaida ya makontena". Kontena lililofungwa umeme vizuri halimtii mtu ganzi, mvua inyeshe isinyeshe. Ganzi ile ni umeme unaopita mwilini mwa mlinzi wako kwenda ardhini, na kwamba mpaka sasa umekuwa mdogo si ahadi kwamba kesho utakuwa mdogo.

Sasa turudi kwenye mipango yako. Nyumba ya matofali husamehe makosa mengi. Waya ukichubuka ndani ya ukuta wa tofali kavu, mara nyingi hakuna anayeguswa mpaka mtu apigilie msumari. Kontena halisamehi. Kuta, dari, mlango, fremu za madirisha na hata ngazi uliyoichomelea mlangoni vyote ni chuma kimoja kilichoungana. Waya mmoja ukigusa bati kule nyuma ya friji, anayepokea ni aliyeshika kitasa cha mbele. Haya yanahusu pia majengo yale ya paneli za bati zenye povu katikati, ambayo siku hizi yanasimamishwa kwenye maeneo ya ujenzi kwa siku mbili tatu.

Nieleze kwa hesabu kwa nini fundi wako wa kwanza amekosea, kwa sababu kosa lake ni la wengi na linatokana na imani moja: kwamba breka inamlinda mtu. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Kazi yake ni kukata mkondo unapozidi uwezo wa waya, au nyaya mbili zinapogusana. Chukua breka ya ampia 32 ya aina B. Ili ikate papo hapo inahitaji mkondo wa karibu ampia 160. Sasa tuseme una rodi ya ethi nzuri, yaani fimbo ya chuma inayopigwa ardhini ili umeme unaovuja ushukie huko, iliyopimwa na kuonyesha ukinzani wa omu 20, matokeo ambayo kwa udongo mkavu wa Dodoma fundi yeyote angeyafurahia. Waya wenye umeme unagusa ukuta wa kontena. Volti 230 gawanya kwa omu 20 unapata ampia 11.5. Breka ya 32 haioni kitu. Kwake hiyo ni kama mtu amewasha pasi na birika dogo. Itakaa imewaka mwezi mzima, na mwaka mzima, huku mwili wa kontena ukiwa na volti zinazokaribia 230. Dalili pekee utakayoiona ni LUKU kwisha haraka: ampia 11.5 zikivuja usiku na mchana ni zaidi ya uniti 60 kwa siku. Wapo wenye makontena waliowahi kugombana na TANESCO juu ya mita "inayokimbia" kumbe umeme wao unanyonywa na udongo.

Hayo ni ukiwa na rodi nzuri. Kontena lako halina rodi. Nadhani limekaa juu ya matofali au vipande vya zege, kwenye pembe zake nne tu, tena lina rangi nzito iliyokusudiwa kulikinga na maji ya bahari. Wakati wa kiangazi limetengwa na ardhi karibu kabisa. Ndiyo maana wakati huo mlinzi hajisikii chochote: viatu vyake vimekauka, udongo umekauka, na mkondo hauna njia. Mvua haikuleta umeme mpya. Imelowesha mikono yake na ardhi anayosimama, na yeye amekuwa ndiyo rodi ya ethi. Mkondo wa miliampia 30, yaani sehemu ndogo sana ya ampia moja, ukipita kifuani kwa muda unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Volti 230 kwenye mwili uliolowa zinaweza kusukuma mara kadhaa ya kiasi hicho.

Umeme huo unatoka wapi hasa? Wahusika ni wawili. Wa kwanza ni waya uliochubuka au kifaa kilichooza ndani, kama hita ya birika. Wa pili wengi hawamfahamu: kompyuta, chaja na televisheni zina vichujio ndani yake ambavyo kwa asili huvujisha mkondo mdogo, sehemu ya miliampia au zaidi kidogo kwa kila kifaa, kwenda kwenye waya wa ethi. Ethi ikiwa imefika ardhini hutajua kamwe. Ikiwa nyaya za ethi za soketi zimefungwa kwenye bati la kontena halafu zikaishia hapo, kontena lote linaelea kwenye volti mia na kitu na linatia ganzi. Huyu wa pili ni mpole zaidi, lakini nakuomba usijifariji kwamba ndiye. Ganzi haimwambii mtu imetoka kwa nani. Vifaa vya kupima ndivyo vinavyosema.

Dawa yake ina sehemu tatu, na moja ikikosekana nyingine hazikuokoi.

Ya kwanza ni kile kifaa chenye herufi RCD au RCCB usoni na kitufe kilichoandikwa T. Hiki ndicho kinachomlinda mtu. Kinalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifikia miliampia 30 kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakijali kwamba mkondo hautoshi kuangusha breka. Hata rodi yako ikiwa na omu 100, uvujaji unaopanda polepole unakatwa kontena likiwa bado na volti 3 tu, na kosa la ghafla linakatwa kabla moyo haujapata nafasi ya kuyumba. Nunua iliyoandikwa aina A, si ile ya aina AC, kwa sababu kompyuta na AC za inveta huvujisha mikondo ambayo aina AC inaweza isiione. Na usifunge moja kwa ofisi nzima. Kompyuta nane na fotokopi zinaweza kuvujisha miliampia 10 zikiwa nzima kabisa. Ongeza friji na AC nne, siku moja yenye unyevu RCD itaanguka na watu wote watakaa gizani. Nimeona yanayofuata baada ya hapo: fundi anaitwa, "anaitatua" kwa kuipita na waya, na ulinzi umeisha. Gawanya: soketi za kila kontena na RCD yake, AC na yake, pampu na yake. Kule mwanzo, karibu na mita, iwekwe nyingine ya miliampia 100 au 300 yenye ucheleweshaji, ili ilinde kebo kuu bila kugombana na za ndani.

Ya pili ni rodi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo udongo unakauka hadi chini. Rodi ya mita 1.2 iliyopigwa Februari itapimwa vizuri, na Oktoba itakuwa kama haipo. Kwa hiyo nenda chini: unganisha rodi mbili zishuke mita 2.4 au zaidi, au ukigonga mwamba, piga kadhaa zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi moja, zote ziungwe kwa waya wa shaba. Mafundi wetu wana mazoea ya kumwaga chumvi na mkaa shimoni. Inashusha kipimo kweli, kwa muda. Kisha mvua inaiosha chumvi, na kabla ya kuondoka inakuwa imeanza kuila rodi. Ukipata bentonaiti, ile udongo inayovimba na kushika maji, ni bora zaidi na haili chuma. Mimi nikipata chini ya omu 20 nafurahi, na zaidi ya 100 wakati wa kiangazi nakataa kupokea kazi.

Ya tatu ni kuyaunganisha makontena yenyewe. Kila moja lichomelewe boliti, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha waya wa shaba wa milimita za mraba 10 uyaunganishe yote matatu na ile rodi ya ethi, na sehemu ya boliti ipakwe grisi au rangi isipate kutu. Sababu ni hii: mtu akisimama kwenye upenyo kati ya kontena mbili, mkono mmoja huku na mwingine kule, pasiwe na tofauti ya volti kati ya mikono yake. Ngazi za chuma na paa la kivuli ulilochomelea viunganishwe pia.

Kuna njia ya mkato lazima niitaje, kwa sababu fundi aliyeshindwa kupata ethi nzuri huikimbilia: kufunga nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, kwenye mwili wa kontena. Ganzi inaondoka siku hiyo hiyo na mteja anamshukuru. Siku nyutro itakayokatika kwenye nguzo au kulegea kwenye mita, umeme uliopita kwenye taa na kompyuta zako utakosa pa kurudi na utarudi kwenye kuta, kontena zima. Ukikuta mtu anafanya hivyo, msimamishe kazi.

Sasa hayo makontena yanayokuja. Umesema yameshakatwa madirisha na kuwekwa dari. Waulize waliotengeneza swali moja kabla hayajapakiwa kwenye lori: nyaya zimeshapitishwa nyuma ya dari au bado? Kama bado, una bahati. Kama tayari, waombe picha za kabla ya kufunga jipsamu. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ya kontena iliyokuwa inaangusha breka kila mchana na kutulia usiku. Tulitafuta siku nzima. Mwishowe tulikuta skrubu moja ya kushikia ubao wa ukuta imepita katikati ya waya wa soketi. Bati likipanuka kwa jua skrubu inabana, jioni inaachia. Aliyefunga ubao na aliyefunga umeme walikuwa watu wawili ambao hawakuwahi kukutana. Tangu hapo nasisitiza nyaya zipite ndani ya bomba, tena zionekane juu ya ukuta kila inapowezekana. Si urembo, lakini unajua zilipo. Na kila tundu lililokatwa kwa grenda liwe na pete ya raba au glendi, kwa sababu makali ya bati hilo ni kisu, na kontena likisafirishwa barabarani linatikisika saa nyingi.

Joto nalo linapunguza uwezo wa waya, jambo ambalo michoro mingi hailikumbuki. Waya wa 2.5 unaosemwa kubeba ampia 27 unazibeba ukiwa umebanwa wazi ukutani, hewa ikiwa na nyuzi 30. Juu ya dari ya kontena mchana wa Novemba si nyuzi 30. Ikifika 50, waya uleule ubebe karibu 19 tu. Ukiwa umefunikwa kabisa na kihami joto pande zote, nusu ya uwezo wake imekwenda. Na kama kihami chako ni polistaireni, yale mapande meupe mepesi yanayofungashiwa televisheni mpya, usiache ganda la plastiki la waya liguse. Yanalinyonya ulaini wake na baada ya miaka linakuwa gumu na kupasuka. Bomba linatosha kuvitenganisha.

Tuje kwa fundi wa pili na njia tatu yake, yaani umeme unaoletwa na nyaya tatu zenye moto badala ya mmoja. AC nne za BTU 12,000 ni karibu kilowati 4.8, na kompyuta nane ni 1.2. Fotokopi inapopasha moto inavuta 1.5, birika 2.2, maikrowevu 1.3, pampu ya hospawa moja 0.75, friji, taa, kamera na intaneti kwa pamoja hazifiki 0.7. Jumla ni kama kilowati 12.4, yaani ampia 54 zote zikiwashwa kwa dakika moja. Lakini hazitawashwa kwa dakika moja. Birika linachemka dakika nne, fotokopi inalala muda mwingi, pampu inajaza tanki na kunyamaza. Mahitaji yako halisi ni kilowati 8 au 9, ampia 35 hadi 40. Njia moja iliyopangwa vizuri inaweza kuyabeba.

Na kabla ya kuhesabu AC, hesabu jua. Kontena lisilo na kihami ni jiko. Paka paa rangi nyeupe, weka kihami kizuri juu ya dari, jenga kivuli cha bati nusu mita juu ya paa hewa ipite katikati, halafu uone kama bado unahitaji nne au tatu. Pesa ya kihami unailipa mara moja, ya LUKU kila wiki. Ukinunua AC, chukua za inveta. Zile za zamani zinapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake, na taa zote hufumba macho.

Je, fundi wa pili amekosea basi? Si kabisa. Kama una hakika kwamba ndani ya miaka hii mitatu utaongeza makontena, au utaleta mashine kubwa ya kuchomelea, omba njia tatu sasa hivi, kwa sababu kuja kubadilisha baadaye ni kulipa mara mbili. Lakini njia tatu ina hatari yake: nyutro ikikatika, baadhi ya soketi zinaweza kupanda kuelekea volti 400 na kuunguza kila kilichochomekwa. Inataka mzigo ugawanywe kwa usawa na kifaa cha kukata umeme volti zikizidi. Kwa haya uliyoniorodheshea, na kama hakuna mpango wa kukua, ningekaa njia moja.

Ambacho hakiwezi kuendelea ni ule waya wa 2.5 wa mita 60. Kwanza hauwezi kubeba ampia 40. Lakini hata tukisahau kuungua, kwa umbali huo ungepoteza volti 43 njiani na AC zako zingepokea 187. Kompresa haziishi kwa chakula hicho. Kwa mzigo huohuo, kebo ya milimita 10 inapoteza karibu volti 10.6, ambayo ni pembezoni mwa kinachokubalika, na ya 16 inapoteza chini ya 7. Ukilazimika kuvuta mita 60, vuta 16.

Ila sidhani kama unalazimika, na hapa nakuja kwa mwenye kiwanja. Si kweli kwamba TANESCO hawafungi mita kwa ajili ya kontena. Tembea barabara yoyote ya Dodoma uhesabu makontena ya biashara yenye LUKU. Wanachotaka ni maombi, siku hizi kupitia mfumo wa Nikonekt, kitambulisho, na mchoro wa wayaringi uliosainiwa na mkandarasi mwenye leseni. Kwa kuwa kiwanja ni cha kukodi, nenda na mkataba na barua ya ridhaa ya mwenyewe, upunguze maswali. Gharama inategemea sana umbali wako kutoka kwenye nguzo: ndani ya mita 30 hakuna nguzo mpya, zaidi ya hapo utalipia nguzo moja au mbili. Kapime kwa futi kamba kabla ya kuomba.

Mwenye kiwanja nadhani ana nia njema, lakini yeye ndiye atakayeumia. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huwa kwenye bei nafuu ya D1. AC zako nne peke yake, zikifanya kazi nusu ya muda wa ofisi, zinakula kama uniti 20 kwa siku. Siku ya nne umeshamaliza kiwango chake cha mwezi. Halafu laini ya nyumba yake ilipangwa kwa nyumba, na mita inayoshirikiwa huzaa ugomvi hata kati ya ndugu. Faida pekee ya kuendelea naye ni kutosubiri. Kama TANESCO watachelewa, kontena moja dogo lenye taa na kompyuta mbili linaweza kulishwa kutoka kwake kwa muda, baada ya kurekebishwa, likiwa na RCD na kebo inayofaa.

Mita yenyewe usiifunge kwenye kontena. Jenga nguzo fupi ya tofali au zege karibu na mpaka wa kiwanja, mita ikae hapo pamoja na swichi kuu, na rodi ya ethi ipigwe chini yake. Kutoka hapo fukia kebo yenye gamba la nyaya za chuma, nusu mita au zaidi kwenda chini, na mahali malori yanapopita iingie ndani ya bomba imara na kina kiongezeke. Juu ya kebo, kabla ya kufukia, tandaza utepe wa tahadhari, kwa ajili ya atakayechimba baada yako. Kwenye kila kontena iingie kwa plagi ya viwandani, zile za bluu za ampia 32 au 63 zenye mfuniko. Miaka mitatu ikiisha, unachomoa plagi, unafungua waya wa ethi, na winchi inanyanyua. Hakuna kukata nyaya wala kuacha ncha wazi kwenye udongo wa mwenzio.

Jenereta ikija, iingie kwa swichi ya chenji-ova, ile ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, inayokata feizi (waya wenye moto) na nyutro zote mbili. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kunarudisha umeme kwenye nguzo, na fundi wa TANESCO aliyepanda kurekebisha akijua laini imezimwa anaweza kufia huko. Jambo la pili halifahamiki sana: jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijafungwa na ethi, na kwa hali hiyo RCD zako zote zinaweza kubaki mapambo. Mkandarasi aifunge kwenye jenereta yenyewe na apime. Nayo ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake hauna harufu ya kutosha kumwamsha mlinzi aliyelala ndani ya kontena.

Kazi hii si ya kufanya mwenyewe, wala ya fundi aliyekuambia ganzi ni kawaida. Tafuta mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akuonyeshe uione mwenyewe kwa macho, maana leseni hizo zina madaraja na si kila daraja linaruhusu kila kazi. Mwulize kama ana megga (kipima ukinzani wa ganda la nyaya), kipima ethi na kipima RCD. Akisema anapima kwa testa ya bisibisi, mshukuru na umwache. Akimaliza akupe karatasi yenye namba: ukinzani wa ganda la nyaya ukipimwa kwa volti 500 usiopungua megaomu 1, omu za rodi, na muda wa kila RCD kukata, usiozidi milisekunde 300. Kipimo cha rodi kirudiwe Oktoba, udongo ukiwa umekauka kabisa.

Siku ya makabidhiano mlinzi awepo. Aonyeshwe kitufe cha T akibonyeze mwenyewe, aone umeme unakatika, na awe anakibonyeza kila mwanzo wa mwezi. Aelezwe kwamba RCD ikianguka yenyewe anaweza kuirudisha mara moja tu. Ikianguka tena aiache chini na akupigie simu, hata iwe usiku wa manane.